Sabufa na jenereta kambini hifadhini: zizuiwe usiku au watu waachwe wale bata?

Wakuu salamu. Hili suala kila msimu wa sikukuu linaibuka, watu wanatukanana siku mbili tatu halafu linazimika, kwa hiyo nalileta hapa tulijadili mpaka lieleweke. Kwenye kambi za umma za hifadhini, zile za kulala kwenye hema kama Pimbi na Nyani kule Seronera, katikati ya Serengeti, au Simba A pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, je sabufa na jenereta vizuiwe usiku? Na usafi wa kambi ni kazi ya aliyelala pale au ni kazi ya hifadhi aliyoilipa?

Msimamo wangu ni kwamba vizuiwe, kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na faini iwepo kabisa. Na uchafu wako ondoka nao.

Nikisema hivi najibiwa kwamba ukimya ni mambo ya wazungu, na sisi tumelipa kiingilio, nyama iko jikoni, sasa tukae tunanong'onezana kama tuko msibani? Naelewa hasira hiyo inatoka wapi, maana kweli wapo watu wakimuona Mtanzania hifadhini wanamtazama kama kapotea njia na hilo linakera sana. Ila tuangalie anayeumia hasa ni nani. Mtalii akikosa usingizi leo keshokutwa yuko Zanzibar analala mpaka anachoka. Anayeumia ni mpishi ambaye saa 10 alfajiri anatakiwa awe keshawasha gesi, chai na chapati viwe mezani kabla magari hayajatoka saa 12, na anaumia dereva ambaye kesho yake ana zaidi ya kilomita 300 za kurudi Arusha, kipande kirefu ni vumbi tupu na barabara inatikisa gari mpaka boliti zinalegea, na nyuma amebeba roho za watu. Dereva wa namna hiyo akisinzia kule lango la Naabi la Serengeti utasema ukimya ni wa wazungu? Hawa ni ndugu zetu wakuu, wako kazini.

Halafu kuna usalama, na hapa ndipo watu wengi hawapafikirii. Kambi hizi hazina uzio, fisi anapita katikati ya mahema, Simba A tembo huwa anakuja mwenyewe kunywa maji kwenye tenki. Usiku ukibanwa na haja, kabla hujafungua zipu unasikiliza kwanza, kuna majani yanakatwa? kuna kitu kinahema? ndiyo unatoa tochi unamulika kuzunguka kutafuta macho yanayong'aa, ndiyo unatoka. Jenereta ikiwa inanguruma hatua kumi kutoka ulipo hiyo kusikiliza haipo tena, unatoka kama kipofu. Na kuhama huwezi, kwa sababu ndani ya hifadhi za taifa kuendesha gari kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 12 asubuhi hairuhusiwi bila kibali maalum, kwa hiyo ukishapangiwa jirani wa fujo unaye mpaka kunakucha.

Marekani ambako kambi zimejaa yale magari ya RV, yenye kitanda jiko na choo humohumo, hili hawakuliachia majirani wagombane wenyewe. Kwenye hifadhi zao za taifa kelele zisizo na sababu kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi ni kosa kisheria, na jenereta ikizidi desibeli 60 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ukipimia umbali wa futi 50, kama mita 15 hivi, ni kosa hata mchana. Yosemite wana ratiba ya jenereta: saa 1 hadi 3 asubuhi, saa 6 hadi 8 mchana, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, nje ya hapo zima. Na Grand Canyon kwenye kambi ya Mather kuna upande umetengwa, jenereta haiwashwi kabisa. Sisi tunashindwa nini? Seronera kambi ziko kadhaa na zimekaribiana, moja wapewe wenye jenereta, nyingine zibaki za kulala.

Usafi sasa. Kambi moja niliyolala, naiacha bila jina, jiko lile la pamoja lenye nyavu za chuma sinki lilikuwa limeziba kwa wali na makoko ya ugali, maji machafu yanamwagika mpaka mlangoni, nyuma kuna mifupa ya kuku na chupa za maji zimetupwa. Zile nyavu zimewekwa ili nyani na fisi wasiingie, sasa wewe unawaandalia sahani nje! Nyani akishajua kwamba mahema maana yake ni mkate anakuja kila siku, anakuwa mkali, anawapora watoto chakula, na mwisho wa siku anaweza kupigwa risasi kwa kosa ambalo ni letu. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Juni 2019 na tukaweza, Kenya Juni 2020 wakaenda mbali zaidi wakazuia hata chupa za plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Kuna jamaa kaniambia nimelipa ada ya kambi, wafagiaji si wapo? Wapo ndiyo, lakini mfagiaji anakuja asubuhi na fisi anakuja usiku.

Ninachotaka ni mgeni akifika kambini asaini karatasi moja yenye saa za ukimya na kanuni za taka, na awepo askari wa hifadhi mwenye mamlaka ya kuja kuzima hiyo sabufa, isiwe mimi na wewe tunashikana mashati gizani. Madereva na wapishi mlioko barabara ya kaskazini naomba mseme ninyi kwanza, saa 4 inawatosha kweli au mngependa iwe saa 3?