Naombeni ushauri: maziwa hayatoshi, nataka kuacha kazi, najiona mama jina tu

SijuiNifanyeje: Habari za humu wakuu. Mtoto ana siku 97, wiki ijayo narudi kazini. Nikikamua napata mililita 50 tu, na kundini WhatsApp wenzangu wanaweka picha za chupa zimejaa hadi shingoni. Kila nikimtazama najiambia "kazi moja tu, imekushinda." Barua ya kuacha kazi nimeshaandika. Nishaurini, ila kwa upole.

Kinyozi_Temeke: Kazi usiache, mjini hapa. Kunywa supu ya pweza.

NesiMstaafu: Pweza mwachie mumewe. Ulichokamua si kipimo cha maziwa uliyonayo. Mtoto huyatoa vizuri kuliko mkono au pampu. Tazama kadi ya kliniki: uzito unapanda? Nepi zilizolowa zinafika 6 kwa siku? Na ukikamua huku unajisimanga, yanachelewa kushuka, maana hofu inaizuia oksitosini, homoni inayoyasukuma. Ivishe chupa soksi usione kipimo. Kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, kamua dakika 15, kila baada ya saa 3. Kazini sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Zidai.

MtuWaHesabu: Ngojeni. Likizo ya uzazi ni siku 84. Huyu siku ya 97 bado yuko nyumbani? Hii chai.

Kinyozi_Temeke: Tena ya rangi. Leteni vitumbua.

SijuiNifanyeje: Si chai. Zangu ni 100, nina mapacha. Sikusema kwa sababu Kurwa ananyonya, Doto nampa ya kopo, na nilijua mtanisema. Barua sichani lakini.

MamaMchungaji: Mama zetu walinyonyesha mapacha na shamba wakalima.

NesiMstaafu: Na bibi na shangazi walikuwa uani wanambeba wa pili. Dada, kopo si kosa. Kosa ni kuzidisha maji ili unga udumu: fuata kipimo cha kopo, na alichobakiza mwaga. Doto naye mpe titi, wapokezane.

Kalamu_Taratibu: Kuna zoezi linalofuata mafundisho ya Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani. Andika lile simango neno kwa neno. Chini yake, hali ilivyo bila hukumu: watoto wawili, usingizi wa saa 3. Kisha kumbuka wazazi wa mapacha wengine walio hapo hapo ulipo. Mwisho, ungemwambia nini wifi yako kama hali hii ingemkuta yeye? Wengi huharibu hapa kwa kujimwagia sifa, "mimi shujaa," moyo unakataa. Andika unaloliamini, hata kama ni "Doto ameshiba" tu. Dakika 5, mchana, si usiku wa manane. Ila huzuni ikipita wiki 2, au usingizi ukikataa hata wao wakilala, hiyo si ya karatasi. Nenda kliniki.

SijuiNifanyeje: Wifi ningemwambia alale. Ila nyie hamumjui bosi wangu.

MtuWaHesabu: Samahani dada kwa ile chai. Hiyo barua ina tarehe ya lini?

SijuiNifanyeje: Tarehe sijaweka.