Wazazi Gredi 6 – SAFARI GAZI

[18:12] Mama Zulfa: Wazazi nakumbusha tena, Jumamosi watoto wanaenda Gazi kuona mikoko, ni 800, waliotuma ni 9 na watoto ni 34, jamani basi halitembei kwa maneno

[18:40] Baba Juma: 👍

[18:41] Mama Zulfa: Baba Juma hilo dole ni umetuma ama umesoma tu

[18:44] Mama Halima: mie nauliza tu ile chenji ya Fort Jesus iliishia wapi

[18:45] Mama Zulfa: Si tuliongea hayo

[18:45] Mama Halima: tulinyamaza, hatukumaliza

[18:47] Baba Kadzo: iliishia kwa mahamri ya dereva 😂😂

[18:52] Mama Zulfa: Tafadhalini. Wavae viatu vikuukuu maana tope la kule lavuta mguu kiatu kinabaki, watapita daraja la mbao la kina mama halafu waende pale peupe nyuma ya mikoko pasipomea kitu, bahari hufika bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ikirudi inaacha chumvi, na mwalimu anataka waonje jani la mchu, ule mti unatoa chumvi kwa majani

[18:53] Baba Kadzo: wangu mboga ikizidi chumvi asusa, leo akarambe mti

[18:55] Mama Neema: wangu ana pumu asiogelee

[18:55] Mama Zulfa: HAKUNA KUOGELEA

[19:03] Baba Juma: ni kweli kule wanauza hewa?

[19:06] Mama Halima: Mikoko Pamoja hao, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko, tangu 2013, wazungu wanalipa ile kaboni miti inayoshika, pesa ikaletea kijiji maji ya mfereji. sisi chenji yetu hata hewa yake hatujaisikia

[19:30] Mzee Mwinyi: Asalaam aleikum. Jumamosi mwezi una siku nane. Maji mafu hayo, hayajai sana wala hayapwi sana. Saa nne asubuhi bahari imejaa, kupwa ni saa kumi. Hao watoto mwawapeleka kutazama maji. Ngojeni bamvua, wiki inayofuata, saa nne kumekauka.

[19:58] Mama Zulfa: Waaleikum salaam mzee, shikamoo. Ila basi nishalilipia nusu

[20:01] Baba Kadzo: mzee kashasema

[20:02] Mama Neema: wiki hiyo nina arusi

[20:15] Mama Zulfa: Haya ngojeni nimpigie dereva. Msitume kwanza. Waliotuma pesa zibaki kwangu

[20:16] Mama Halima: ndio yale yale

[23:47] Mama Saumu: nimetuma 800 saa hii, ni Jumamosi gani kwani?