Naomba ushauri: oili ya nyundo ya upepo inayovumilia maji

Asalam alaykum wakubwa. Mie nachimba visima huku Makunduchi, kusini Unguja, jiwe lenyewe la matumbawe mnalijua, sasa hii nyundo ya upepo (inayoendeshwa na hewa ya kompresa) inatema maji meupe kama maziwa halafu inakuwa nzito, asubuhi ndo balaa. Tangi la kompresa namwaga maji kila siku, kichujio cha maji nimetia, oili natumia VG 32 ya kawaida (VG ni namba ya uzito wa oili) lakini nikifungua nakuta chuma kikavu na kutu imeshaanza. Fundi mmoja kaniambia nitafute oili inayochanganyika na maji, ile ya mashine za kutoboa miamba, mwengine kasema itavimbisha mipira ya kuzuia kuvuja humo ndani. Nifate yupi? Na VG niipandishe mpaka 100 au kwa joto la huku itakuwa nzito mno?