Mrejesho: Mama, vidonge vya presha na dawa ya mshubiri

Ndugu zangu, niliwauliza kama mama yangu, anayeishi Tukuyu na anayetumia haidroklorothiazaidi kwa ajili ya presha, angeweza kunywa pia dawa ya mshubiri aliyopewa na mganga wa tiba asili kwa ajili ya tumbo kujaa gesi na kukosa choo. Nawashukuru kwa majibu yenu, hasa mliosisitiza tupeleke dawa zote mbili kwa mfamasia, jambo tulilolifanya Mbeya mjini.

Alitueleza kwamba utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani la mshubiri huharisha, na kuharisha huko kukiendelea hupunguza potasiamu (madini ambayo misuli na moyo huyahitaji) mwilini. Kwa kuwa vidonge vya mama navyo huipunguza kwa njia ya mkojo, viwili hivyo vikitumiwa pamoja vinaweza kuleta udhaifu wa misuli na hata kuvuruga mapigo ya moyo. Ute mweupe wa ndani ni kitu kingine, ila dawa ile ilitengenezwa kwa kuponda jani zima, pamoja na utomvu huo.

Mganga, ambaye amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, hakukasirika hata kidogo (nilihofia angekasirika), bali aliiondoa dawa hiyo na kumshauri mama anywe maji zaidi na ale mboga za majani. Vidonge anaendelea navyo, na wiki ijayo atapimwa potasiamu.