Tupeane uzoefu: kifaa cha riwaya za distopia (hadithi za jamii ya kubuni iliyogeuka jinamizi) ulichokutana nacho maishani

Mleta mada, Kisumu
Juzi umeme ulipopotea Kondele usiku kucha, nilikumbuka hadithi ya E. M. Forster ya mwaka 1909, ambamo kila mtu anaishi peke yake chini ya ardhi, akilishwa na kupewa hewa na Mashine moja ambayo hakuna anayeielewa yote, hadi inapoharibika. Jirani yangu alikuwa na pesa zake zote kwenye simu iliyozimika, akashindwa kununua hata mshumaa. Ninyi mmekutana na kifaa gani cha namna hiyo, na je, kiliwafaa au kiliwadhuru?

Msomaji wa Njoro
Umenitonesha kidonda. Mwanangu alilazwa saa tano usiku, na hospitali ikadai malipo ya awali. Nilipakua programu ya mikopo, ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu, nikakubali bila kusoma masharti, na pesa zikaingia kwa M-Pesa kabla sijaketi. Nilipochelewa kulipa kwa siku nne, walimpigia mwajiri wangu, wakampigia mweka hazina wa chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, kisha wakampigia mama mkwe. Mama huyo, ambaye kwa desturi yetu hata kumpa mkono siwezi, aliambiwa na kijana asiyemjua kwamba binti yake ameolewa na mwizi.

Wakati huo nilikuwa nikisoma *1984* ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949. Skrini ya Winston, mhusika mkuu, inamwonyesha habari huku ikimtazama, naye anaweza kuififisha tu, hawezi kuizima. Yeye alibandikiwa ukutani. Mimi niliibeba mfukoni, nikaifungulia mlango kwa kidole changu mwenyewe.

Dada wa Bungoma
Yalinipata hayo hayo. Pole sana, ndugu yangu.

Mwalimu, Kakamega
Pole, lakini usiilaumu simu. Bila simu hiyo, mtoto angelala wapi usiku ule? Katika *Fahrenheit 451* ya Ray Bradbury, ya mwaka 1953, Mildred anaziba masikio kwa redio ndogo hata hamsikii mumewe, Montag, ilhali profesa mstaafu Faber anatumia kifaa cha sikioni kama hicho kumnong'onezea Montag huyo maneno ya kumtia moyo. Kifaa ni kile kile; tofauti ni nani anayezungumza.

Msomaji wa Njoro
Mwalimu, sikuilaumu simu. Nauliza kwa nini mtu mwenye mgonjwa awekewe sharti la kuwaweka jamaa zake rehani bila wao kujua. Hilo si suala la matumizi mabaya yangu; kifaa kiliundwa hivyo.

Mwalimu, Kakamega
Hapo nakubali. Nilijibu upesi mno.

Mkaazi wa Lanet
Futa programu zote za mikopo, urudi kwenye chama.

Dada wa Bungoma
Chama hakifunguliwi saa tano usiku. Heri kuinyima ruhusa ya majina, na wakikutangaza, upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Data, kwa kuwa tuna sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019.

Mleta mada, Kisumu
Ndugu wa Njoro, mtoto aliendeleaje?

Msomaji wa Njoro
Alipona, yuko darasa la tatu. Mkopo niliumaliza mwezi uliofuata. Kwa mama mkwe nilituma wazee wawili, wakapokewa vizuri, lakini mimi mwenyewe bado sijaukanyaga ule ua.