Ushauri: Nataka kumpeleka mama ngome ya Salzburg, ila magoti yanamsumbua

BintiPangani:
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mama yangu yuko huku München, Ujerumani, kunitembelea. Umri umesogea, lakini majengo ya kale ndiyo raha yake, na tangu aone picha ya ngome ya Hohensalzburg, kule mjini Salzburg, Austria, haachi kuiulizia. Sasa ngome iko juu ya kilima, na magoti yake hayataki mlima. Aliyewahi kwenda na mzazi anieleze: tutafika, au nitamtesa bure?

MsafiriWaReli:
Mpeleke dada. Kuna kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba ya chuma mpaka juu, kipo tangu 1892. Kinaanzia Festungsgasse, nyuma ya uwanja wa Kapitelplatz. Mkitoka stesheni kuu msitembee, pandeni basi la umeme mshukie kituo cha Mozartsteg; kutoka hapo njia ni tambarare hadi karibu kabisa na kituo cha kigari. Bayern-Ticket, tiketi ya siku moja ya jimbo la Bayern, inawafikisha Salzburg, mradi mpande treni za mkoa, na siku za kazi ni kuanzia saa tatu asubuhi. Pasipoti ya mama isisahaulike, mkirudi Ujerumani polisi hukagua.

MamaZawadi:
Kufika juu si kazi, kazi iko ndani. Ua wote ni mawe, na ngazi zipo nyingi, kwa hiyo mama avae viatu visivyoteleza. Mnara wa juu auache. Nguvu zake azitunzie vyumba vya maaskofu wakuu waliotawala Salzburg zamani: dari la buluu lina vifundo vya dhahabu kama nyota, na chumba cha pili kina jiko kubwa la kuotea moto lililojaa vigae vya rangi. Mimi nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha. Angalieni tiketi vizuri, ile ya bei nafuu haiingizi vyumba hivyo.

BintiPangani:
Ahsanteni sana. Namjua mama, ataniuliza nani aliijenga na nani aliiteka.

MsafiriWaReli:
Aliianzisha Askofu Mkuu Gebhard mwaka 1077, alipokuwa upande wa Papa katika ugomvi na Mfalme Heinrich IV wa Ujerumani. Kutekwa kwa vita, haijawahi. Mwaka 1525 wakulima na wachimba madini walimzingira humo Askofu Mkuu Matthäus Lang, wakashindwa kuingia. Hata jeshi la Ufaransa la enzi za Napoleon lilikabidhiwa ngome bila kupigana.

MamaZawadi:
Nendeni asubuhi siku ya kazi, mchana foleni ya kigari ni ndefu na mama atasimama sana.