Chanjo ya nguruwe yenye chembe za nano: je, inazuia homa ya nguruwe?

Mfugaji wa Muheza
Wataalamu wa mifugo, naomba msaada wenu. Mwezi uliopita homa ya nguruwe iliingia bandani kwangu, na kati ya nguruwe 17 wamesalia 3. Aliyetangulia ni jike mwenye mimba: jioni alikataa pumba, masikio yakaiva rangi ya zambarau, na alfajiri tukamkuta amekufa. Sasa kuna mtu ananiuzia chanjo anayodai ina "chembe za nano" na kwamba inakinga homa hiyo kabisa. Chembe hizo ni kitu gani, na je, anasema kweli?

Daktari wa mifugo, Tanga
Pole sana, ndugu yangu. Teknolojia hiyo ipo, lakini dai la muuzaji huyo si la kweli.

Chanjo iliyotengenezwa kwa kipande cha protini ya kirusi mara nyingi haiushtui mwili vya kutosha, ndiyo maana huchanganywa na ajuvanti, yaani kichocheo cha kinga. Tangu Glenny alipoonyesha mwaka 1926 kwamba chumvi ya alumini huipa chanjo nguvu, ajuvanti zinazotumika zaidi zimekuwa za alumini au za mafuta, na hizo za mafuta huweza kuacha uvimbe pale sindano ilipoingia. Chembe za nano ni ndogo mno: zile zisizozidi nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) huweza kufika zenyewe kwenye tezi za limfu, ambako seli za kinga hufunzwa kumtambua adui, na antijeni, yaani kile kipande cha kirusi ambacho kinga hujifunza kukitambua, ikiwa imepangwa juu yake kama punje kwenye gunzi la muhindi, seli huiona kana kwamba ni kirusi kamili. Chanjo za protini dhidi ya sirkovirusi ya nguruwe, kirusi kingine kinachowaugua nguruwe, zinafanana na hilo, kwa kuwa protini ya gamba lake hujipanga yenyewe ikawa kigamba kitupu kisicho na uwezo wa kuambukiza.

Mtafiti wa maabara, Bagamoyo
Naomba kuongeza jambo linalotugusa sisi wa pwani. Mojawapo ya malighafi za chembe hizi ni kitosani, inayotokana na maganda ya kamba, yaleyale yanayotupwa hapa sokoni baada ya kumenywa. Kitosani ina chaji chanya, na ute wa pua una chaji hasi, hivyo chanjo inayopulizwa puani hunata mahali virusi vya mafua vinapoingilia. Watafiti wa Ohio, Marekani, wameijaribu kwa nguruwe dhidi ya mafua ya nguruwe. Tafadhali mtu asisage maganda nyumbani akadhani amepata dawa, kwani ni lazima madini yaondolewe kwa asidi, protini kwa alkali, kisha maganda yachemshwe tena katika alkali kali.

Mfugaji wa Muheza
Nashukuru. Kwa nini basi chembe hizo zisitumike kwa homa ya nguruwe?

Daktari wa mifugo, Tanga
Kwa sababu tatizo liko kwenye antijeni. Kirusi hicho kina protini zaidi ya 150, na bado haijathibitika ni mchanganyiko upi unaomkinga nguruwe kwa uhakika. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2014 jaribio la kirusi kilichouawa na kuchanganywa na ajuvanti za kisasa: kingamwili zilionekana katika damu, lakini nguruwe hawakukingika. Chanjo zilizoidhinishwa Vietnam kuanzia mwaka 2022 hutumia kirusi hai kilichodhoofishwa, na hazina uhusiano na anachokuuzia huyo bwana. Usimpe hata shilingi.

Hao 3 waliosalia wanaweza kuwa bado wamebeba kirusi, kwa hiyo usiwauze wala usiwachanganye na wengine, na umwite bwana mifugo wa kata achukue damu. Ukishasafisha banda na kulipuliza dawa, ukaliacha wazi kwa muda atakaouelekeza, anza na nguruwe wachache tu uwatazame kwa wiki 6, na mabaki ya chakula cha hotelini usiwape.